Kwa nini mchekeshaji ndiye anayemkumbusha mwanasiasa maneno yake, siyo taarifa ya habari?

Rimoti_Mkononi

Wakuu heshima kwenu. Hii kitu inanikera kitambo, leo nimeona niilete tuijadili. Mimi ni mtu wa kuangalia taarifa ya habari, halafu nikimaliza naingia YouTube kwa wale jamaa wa kejeli wa Marekani, Jon Stewart, John Oliver na wenzao. Sasa nilichokiona, ukitaka mwanasiasa awekewe alichosema leo pembeni ya alichosema miaka sita nyuma, kimoja kinakipinga kingine mchana kweupe, utakikuta kwa mchekeshaji. Kwenye habari hukikuti. Na klipu zenyewe zimetoka huko huko kwenye habari! Kamera zao, maiki zao, maktaba yao, ila mheshimiwa akikaa kwenye kiti akakana kila kitu mtangazaji anaitikia kwa kichwa, tunaenda mapumziko, tukirudi ni michezo.

Au ile ya 2018, kampuni ya Sinclair yenye vituo karibu 200 huko Marekani iliwapa watangazaji wake maneno yale yale wayasome, eti kuonya watu kuhusu habari za uongo. Kila mmoja kwenye mji wake anasoma kwa sura ya uchungu kana kwamba yametoka moyoni. Ukiangalia kituo kimoja hushtuki hata kidogo, mpaka mtu alipozipanga zote kwenye skrini moja ndo unasikia kwaya nzima inaimba kwamba hii ni hatari kubwa kwa demokrasia yetu. Na aliyezipanga ni Deadspin, tovuti ya michezo jamani, siyo TV shindani.

Swali langu: ni uoga, ni biashara, au ni sisi watazamaji tunawapenda wachekeshaji kwa sababu wanawachapa tusiowapenda? Naomba hoja, mambo ya chama gani kizuri myaache kwenye nyuzi zingine.

Dawati_la_Usiku

Mkuu nimefanya kazi chumba cha habari, kituo sikitaji, ngoja nikupe ya ndani. Kinachoua hayo maswali ni namba ya simu. Mwandishi anaishi kwa namba za simu za watu. Ukimwaibisha waziri leo, kesho kukitokea jambo kubwa anampigia mwenzako wa kituo kingine na wewe unabaki unasoma taarifa yake kwenye karatasi. Mchekeshaji hamhitaji waziri, anahitaji sura yake tu, na sura anayo tayari kwenye klipu.

Halafu kuna muda. Stori ya kawaida ni dakika moja na nusu, humo ndani mheshimiwa anapata kama sekunde 15 za kuongea. Nani anazichagua hizo 15? Mhariri, saa imebana, mkuu wa zamu kasimama nyuma ya kiti anauliza bado tu? Hapo ndipo upendeleo unapoingia, mara nyingi bila mtu kukusudia: unachukua sentensi safi, iliyoanza vizuri ikaisha vizuri, ile aliyojikanyaga unaitupa. Wapo wanaokusudia pia, wa upande wao wanampa sentensi safi, wa upande wa pili wanamwachia ile ya kujikanyaga na kikohozi juu. Hakuna aliyedanganya, wote waliyasema kweli.

Kaangalieni lile sakata la kituo cha CBS cha Marekani la Oktoba 2024. Kamala Harris kaulizwa swali kuhusu Netanyahu, jibu likawa refu, kipindi kimoja cha CBS kikarusha kipande kimoja cha jibu na kingine chao, 60 Minutes, wakarusha kipande kingine cha jibu lile lile. Trump akashtaki, na Julai 2025 Paramount, ambao ndio wenye CBS, wakakubali kulipa dola milioni 16 yaishe. Mimi niliyekaa kwenye hicho kiti naona ule ulikuwa uhariri wa kila siku kabisa, ila huwezi kumweleza hivyo mtazamaji akakuelewa, hajawahi kukaa na mhariri dakika kumi kabla ya kwenda hewani.

mzee wa kupinga

Mnawapamba sana hawa wachekeshaji. Nawakumbusha Crossfire ya CNN, Oktoba 2004. Stewart aliingia pale akawaambia watangazaji wake Tucker Carlson na Paul Begala usoni kwamba wanaiumiza Marekani na ule mchezo wao wa kubishana kulia na kushoto. Sawa, alipiga penyewe, Januari 2005 CNN wakatangaza wanakifuta kipindi. Lakini Carlson naye alimuuliza kitu cha maana, mbona ulipomhoji mgombea urais John Kerry ulimpa maswali laini laini? Jibu lake lilikuwa kwamba kipindi kinachotangulia cha kwake ni cha vikaragosi vinavyopiga simu za utani, yaani msinipime kama mwandishi wa habari. Sasa si ndo kujificha huko? Ukipiga unapiga kama mwandishi, ukirudishiwa unakuwa mcheshi.

Na kwa kukata klipu wao ndo mabingwa. Dawati kasema sekunde 15, mchekeshaji anabakiza tatu, anageukia kamera, anakodoa macho, ukumbi unaangua kicheko, na wewe umeshakubali kabla hujajua umekubali nini. Na kuna watu hata kejeli yenyewe hawaisikii. Watafiti wa chuo cha Ohio State walitoa utafiti 2009 kuhusu kile kipindi cha zamani cha mchekeshaji Stephen Colbert alipokuwa anaigiza mtangazaji mhafidhina. Wote walimwona anachekesha, ila wahafidhina ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba anajifanya tu kutania na anachosema anakimaanisha. Mtu yule yule, kipindi kile kile, kila mmoja kaondoka na alichokuja nacho.

siti_ya_dirishani

Mimi habari naangalia nikitaka kucheka na vichekesho naangalia nikitaka habari, nishazoea 😂 endeleeni wakuu

Rimoti_Mkononi

@mzee wa kupinga hiyo ya vikaragosi ni hoja, siibishii. Ila mimi tofauti naiona hapa, mchekeshaji sekunde ya kwanza tu unajua kakaa wapi, kwa hiyo namsikiliza huku nikimpunguzia mwenyewe. Kituo cha Fox News walikaa miaka na miaka na kaulimbiu ya haki na mizania, wakaiacha 2017, halafu Aprili 2023 wakalipa dola milioni 787.5 kwa kampuni ya mashine za kura ya Dominion kwa ajili ya uongo uliosemwa hewani kuhusu mashine zake. Sasa huyu aliyekuwa anakuapia kila jioni kwamba yuko katikati, utampunguzia kiasi gani?

Binti_Antena

Kaka zangu mnabishana nani kaegemea wapi, mwenye kituo mmemsahau. Haya mambo yote yanaishia kwake.

Urusi kulikuwa na Kukly, vikaragosi vya wanasiasa, kwenye kituo cha NTV kuanzia 1994. Mwaka 2000 wakamweka Putin kama kijitu kibaya ambacho watu wamerogwa wakione kizuri, mtu kuangalia anacheka hadi machozi. Aprili 2001 Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali, wakaichukua NTV, 2002 Kukly hakipo. Watu wakisimulia wanaishia hapo, ila NTV hiyo hiyo 1996 ilimbeba Yeltsin waziwazi kwenye uchaguzi, maana mwenye kituo, Gusinsky, alikuwa na maslahi yake. Kwa hiyo kicheko nacho kilikuwa na bosi.

Misri ndo inauma zaidi. Bassem Youssef, daktari wa upasuaji wa moyo, kaanza na video za YouTube 2011, kaja kuwa na kipindi kinachoangaliwa na nchi nzima. Machi 2013 wakati wa rais Morsi akaitwa na mwendesha mashtaka kuhojiwa, wapinzani wa Morsi wakamtetea kwa nguvu zote, shujaa wetu. Jeshi likamwondoa Morsi, Bassem akarudi hewani na kipindi kimoja tu kinachogusa hali mpya, kituo chake CBC kikamsimamisha, na kati ya wale wale waliokuwa wanamtetea wengine wakamgeuka. Juni 2014 akatangaza basi. Yeye hakubadilika, walioshika nchi ndio walibadilika, na watazamaji wakabadilika nao.

Na msiseme ni huko tu. Colbert Julai 2025 aliita yale malipo ya milioni 16 rushwa nono, hewani, kwenye kituo cha hao hao waliolipa. Siku tatu baadaye CBS wakatangaza kipindi chake, The Late Show, kinaisha Mei 2026, wakasema ni hesabu za fedha tu. Septemba hiyo hiyo ya 2025 kituo cha ABC wakamtoa mchekeshaji Jimmy Kimmel hewani, akarudi baada ya siku chache watu walipopiga kelele.

Halafu Dawati umesema mchekeshaji anahitaji sura tu, ndo XYZ, kipindi cha vikaragosi cha mchora katuni Gado, kilivyokuwa Kenya, Citizen TV 2009. Mheshimiwa akikunyima mahojiano unamtengeneza wa mpira unamkalisha unamhoji. Atasema nini?

mzee wa kupinga

Atasema ulichomwandikia wewe dada yangu, ndo shida ninayoisema tangu asubuhi 😅

fundi_wa_signo

Mimi nijibu swali la mleta mada upande wa mitambo maana naona linapitwa. Mnadhani wachekeshaji wana kumbukumbu kali? The Daily Show, kipindi cha Stewart, walikuwa na mfumo unaorekodi chaneli kibao kwa mpigo, na unatafuta kwa neno ndani ya yale maandishi yanayopita chini kwa ajili ya viziwi. Unaandika jina la seneta na neno "kodi", unaletewa kila dakika aliyowahi kulitamka. Vituo vingi vya habari maktaba yao imepangwa kwa tukio na tarehe, ziara ya waziri, uzinduzi wa daraja, sasa alichosema ndani ya hiyo ziara utakipata kama kuna mzee anakumbuka.

Na pengine klipu ipo na huruhusiwi. Uingereza picha za bungeni haziruhusiwi kutumika kwenye vichekesho. Mwaka 2011 kipindi kimoja cha The Daily Show hakikuonyeshwa kule Channel 4 kwa sababu kilikuwa na kipande cha bunge lao. Nchi nzima inaruhusiwa kuwaangalia wabunge wake, masharti usiwacheke.

Rimoti_Mkononi

Hiyo ya bunge sikuwa naijua kabisa, kali sana. Sasa @Dawati_la_Usiku kama mtambo wa kutafuta maneno upo na unauzwa, nyie mlikuwa mnasubiri nini?

Dawati_la_Usiku

Tuliomba. Wakanunua meza mpya ya studio, inawaka taa kwa chini.