Naomba ushauri: tanuri la umeme au la gesi kwa vyungu na vioo?

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tumeacha kazi za ofisini, mimi benki miaka 14, yeye bima, tukahamia Kisarawe. Yeye anafinyanga, mimi nayeyusha chupa za bia na soda kutengeneza sahani. (Mama mkwe bado anaamini tulifukuzwa.)

Tuna tanuri moja dogo la umeme na tunaligombania. Vyungu vyake vinataka nyuzi kama 1,000. Vioo vyangu 800 hivi, halafu vipoe taratibu mno vikifika 500 na kitu. Juzi umeme ukakatika usiku. Asubuhi nafungua, sahani sita zote nzima, nikamshukuru Mungu. Nainua ya kwanza, ikalia "ta!", nikabaki na nusu mkononi.

Mke wangu anataka tujenge la gesi. Mimi naona moto wa gesi ni mgumu kuushusha polepole kwa kioo. Aliyelitumia kwa vyote viwili, mtungi wa kilo 38 unachoma mara ngapi? Au ninunue jenereta tu? Mafao yamebaki kidogo, hatuwezi kukosea mara mbili.