Re: Ofisi ya nyumba wanazima joto usiku, violeti zangu zinakufa, fomu gani?

Dada Ghorofa ya Nne:
Wapendwa, poleni na baridi. Naomba msaada maana hawa watu wa ofisi ya nyumba hapa Uingereza watanitia wazimu. Redieta zetu ni za pamoja jengo zima na taima wanaishika wao, saa nne usiku wanazima mpaka saa kumi na mbili asubuhi, alfajiri themometa ya sebuleni inasoma nyuzi 13. Sisi watu tunajifunika, haya, ila nina maua yangu dirishani, violeti za Usambara, nimeziotesha mwenyewe kutoka kwenye jani, sasa zimelegea na majani ya chini yameingia weusi wa majimaji. Nilipeleka Stage 1, yaani malalamiko ya hatua ya kwanza, jibu limekuja kwamba mfumo unafanya kazi sawasawa, halafu wakanikumbusha eti mkataba hauruhusu hita ya ziada. Swali langu ni moja tu: ule mkeka wa umeme wa kuweka chini ya chungu, wa wati chache kabisa, nao unahesabika hita ya ziada? Na kama unaombewa ruhusa, ni fomu ya alterations, ya kubadilisha kitu ndani ya nyumba, au kuna nyingine?

Baba Wawili:
Pole sana dada. Achana na Stage 1, hiyo ni ya kukuchelewesha tu. Mwite EHO, yule afisa wa afya ya mazingira wa kaunsili, mtajie Section 11, wataruka. Mimi boila yangu ilikufa wiki ya Krismasi, kila ukipiga simu unasikia muziki, mtoto ana kifua, mpaka nilipotaja Section 11 ndipo fundi akapatikana, tena akaja na mwenzake. Hawa bila kutajiwa sheria hawasikii.

Mpenda Vifungu:
Baba Wawili, tafadhali soma kabla ya kujibu. Section 11 ya ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze kilichoharibika. Boila yako ilikufa, sawa. Redieta za dada hazijafa, zimezimwa. Hapo njia yake ni HHSRS, ule mfumo wa kupima hatari za nyumba, upande wa excess cold, yaani baridi iliyopita kiasi. Na EHO inategemea, dada hukusema jengo ni la kaunsili yenyewe, yaani serikali ya mtaa, au la asosiesheni ya nyumba, kwa sababu kaunsili haiwezi kujichukulia hatua yenyewe. Kama ni ya kaunsili basi ni Stage 1, Stage 2, halafu Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, hakuna njia ya mkato. Andika joto la kila alfajiri na tarehe. WHO, shirika la afya duniani, wanasema ndani isishuke chini ya nyuzi 18, hiyo 13 ni hoja nzuri, lakini hoja ni wewe na watoto, ukianza na maua watakucheka.

Kaka wa Ujerumani:
Jamani kwani si anapunguza kodi tu? Huku msimu wa joto ni tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, mchana wanatakiwa wafikishe 20 au zaidi, wakishindwa unawaandikia kwamba una-Mietminderung, yaani unakata kodi, na mambo yanaisha.

Mpenda Vifungu:
Kaka, yuko Uingereza. Akikata kodi huku anatafuta notisi. Usimponze mwenzio.

Baba Wawili:
Na Awaab's Law je, ile ya kuwapa wenye nyumba za jamii muda maalum wa kuondoa hatari? Imeanza Oktoba 2025.

Mpenda Vifungu:
Imeanza na unyevu, ukungu na mambo ya dharura. Nimechoka kurudia hili humu.

Bi Mkubwa wa Vyungu:
Mmeshasheheni vifungu, na mmea unakufa. Mwanangu, toa hivyo vyungu dirishani leo hii kabla ya fomu yoyote. Ukifunga pazia usiku chungu kinabaki kati ya pazia na kioo, joto lote la chumba limebaki upande wako, huko nyuma kuna baridi kuliko hiyo 13 unayoisoma sebuleni. Weka themometa pale pale kwenye majani, zile zinazokumbuka kiwango cha chini cha usiku, utashangaa. Violeti inataka 18 hadi 24. Ikishuka chini ya 15 inagoma kukua, ikikaribia 10 ndiyo inaanza kuoza hai, na si lazima barafu iigande, mimea ya misitu ya joto chembe zake zinaharibika kabla maji hayajafika hata karibu ya kuganda.

Usikimbilie kuiweka juu ya redieta. Watu wengi wanaua hapo: mchana mizizi inaungua na udongo unakauka, usiku redieta inazimwa joto linashuka kwa kishindo, na mmea hauchukii kitu kama kupandishwa na kushushwa. Meza ya katikati ya chumba, mbali na mlango, inatosha. Ukikosa mwanga tumia taa ya LED, hiyo mkataba hauwezi kuikataza.

Maji sasa. Maji ya bomba ya baridi yakigusa lile jani lenye manyoya yanaacha duara la njano lisilofutika, watu wanadhani ni ugonjwa. Maji yakae ndani usiku kucha yawe sawa na chumba, mwagilia kwa chini kwenye kisahani, baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Na punguza sana, udongo wa baridi mizizi hainywi, ukimwaga kama wakati wa jua inaoza kwenye shina. Na kama vyungu vyako ni vya udongo usiopakwa rangi, hamishia vya plastiki mpaka msimu upite, udongo unavuja jasho na kupoza kama mtungi wa maji ya kunywa. Hayo majani meusi kata, hayarudi.

Dada Ghorofa ya Nne:
Shikamoo Bi Mkubwa, Mungu akupe maisha. Nimevihamisha vyote. Kweli ni vya udongo, na nilivinunua kwa kuvionea fahari. Jengo ni la asosiesheni. Ule mkeka je?

Mtoto wa Tanga:
Jamani violeti za Usambara! Mnajua zilitoka kwetu? Mjerumani mmoja mtawala, Baron von Saint Paul, alizikuta mwaka 1892, akampelekea baba yake, mwaka uliofuata mtaalamu wao akazipa jina la huyo baron. Leo ziko kila dirisha la Ulaya. Kule zinaota kwenye mawe, kivulini, pembeni ya vijito, hakuna anayezimwagilia wala kuzipimia nyuzi. Nikiziona supamaketi zimefungwa plastiki nasimama tu naziangalia.

Mkenya wa Baridi:
Pole pole na hiyo "kwetu". Hata Taita ziko, kilima cha Mbololo, na wala hatujapiga kelele.

Mtoto wa Tanga:
Chache. Nyingi ziko Tanzania, usibishe.

Mkenya wa Baridi:
Sawa, zenu. Angalau maua yenu yamepata makazi ya kudumu, nyie wenyewe uraia pacha bado mnazungushwa, mnaambiwa hadhi maalum, hadhi maalum. Sisi tulimalizana na hilo kwenye katiba ya 2010.

Baba Wawili:
Hapo umegusa donda. Mimi pasipoti yangu niliirudisha kwa mikono yangu, sasa kwenda kumzika mama yangu nilipanga foleni ya wageni. Hadhi maalum haipigi kura. Wanataka pesa tunazotuma, sisi wenyewe hawatutaki, tena wabunge walipo—

Msimamizi:
Siasa kule kwenye orodha yake. Hapa ni nyumba, makaratasi na maisha. Onyo la kwanza.

Baba Wawili:
Makaratasi si ndiyo haya?

Mpenda Vifungu:
Kwa faida ya wengine: dada amesema asosiesheni, kwa hiyo EHO anaruhusiwa kuja kukagua. Nililosema mwanzoni.

Kaka wa Ujerumani:
Bi Mkubwa, yangu ina maua lakini imeinama upande mmoja wote, hiyo nayo ni baridi?

Bi Mkubwa wa Vyungu:
Hiyo ni mwanga mwanangu, igeuze robo kila wiki.

Mtoto wa Tanga:
Dada Ghorofa ya Nne, yakipona naomba jani moja, naweza kulipia posta.

Bi Mkubwa wa Vyungu:
Asitume sasa, litafia kwenye gari la posta. Subirini Mei.