Msaada wakuu, picha za vitanda zinagoma kupanda

Fundi wa Mninga
Habari za saa hizi wakuu. Mi ni seremala hapa Keko, natengeneza vitanda na makabati, sasa wateja wa siku hizi kila mtu anasema tupia picha mtandaoni tuone nikasema isiwe tabu. Maneno yanapanda vizuri ila nikiweka picha kamduara kanazunguka weee mwisho inaniambia faili kubwa mno, mwisho MB 2. Nimejaribu kubandika linki kutoka Google Photos yanatokea maandishi ya bluu tu, picha hamna. Na ile moja iliyokubali kitanda kimelala ubavu, jirani yangu kacheka mpaka kakaa chini. Simu ni iPhone ya dogo, yangu kioo kimekufa. Msinirushie misamiati, mi mgeni wa haya mambo.

Jomba la Kitaa
Kitanda kimechoka nacho kimeamua kulala 😂😂

mama_vitenge
Muache jamani. Kaka fanya hivi, mi nauza vitenge nafanyaga hivyo kila siku: jitumie hiyo picha WhatsApp kama picha ya kawaida, usiitume kama dokumenti na pale kwenye HD usiguse, halafu isevu ile iliyofika. Inashuka mpaka KB mia kadhaa, inapanda fasta.

Mzee wa Pikseli
Dada yuko sawa ila kwa mninga siungi mkono, WhatsApp inakamua picha mpaka ile mistari ya mbao inakuwa kama uji, na mteja wa mninga anachotafuta ni ile mistari. Picha ya megapikseli 12 ina nukta kama 4,000 kwa 3,000, mteja anaiangalia kwenye kioo cha simu, zote hizo za nini? Tafuta programu yoyote ya kupunguza saizi, weka 1600 kwa 1200, mbao itaonekana na MB 2 hufiki.

Halafu iPhone tangu mfumo wa iOS 11 wa 2017 zinahifadhi picha kwa HEIC, yaani aina ya faili ambayo sehemu nyingi hazipokei, wanataka aina ya JPG. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Hiyo ni kwa picha utakazopiga kuanzia leo, za zamani zitabaki vilevile.

Linki ya Google Photos ni ya ukurasa, sio ya picha yenyewe. Linki ya picha mara nyingi inaishia na .jpg au .png. We achana na linki, pandisha faili.

Fundi wa Mninga
Asante mkuu, na huko kulala je?

Mzee wa Pikseli
Ukiigeuza simu, picha haigeuki, simu inaandika tu kikaratasi ndani ya faili kwamba juu ni huku. Mtandao usipokisoma ndo kitanda kinalala. Piga skrinshoti ya picha ikiwa imesimama, kata pembeni, pandisha hiyo.

mama_vitenge
Na location zima kabla ya kupiga, maana picha inabeba mpaka mahali ilipopigiwa.

Fundi wa Mninga
Si ndo vizuri wapajue gengeni kwangu?

mama_vitenge
Gengeni sawa. Na ukipiga nyumbani kwa mteja?

Fundi wa Mninga
Duh. Kile cha mwisho nilikipiga chumbani kwa mteja Mbagala, na shuka zake zinaonekana. Nakifuta sasa hivi.

Fundi wa Mninga
Wakuu kimepanda!! Na kimesimama. Nilipiga mlangoni asubuhi kabla jua halijawa kali, nikapunguza hadi 1600, sekunde tano tu. Mistari yote ipo mpaka kale kafundo ka pale kichwani nilikokuwa nakaficha 😅

Jomba la Kitaa
Hicho ni tano kwa sita? Bei gani fundi?

Fundi wa Mninga
Ndo hicho hicho. Njoo inbox, na we uliyecheka unaanzia bei ya juu.