Kifaa cha marinda: marinda hayalingani na sindano inavunjika, naomba ushauri

Mshono_Tanga: Habari za kazi mafundi. Naweka frili chini ya gauni la kitenge, mzunguko sm 240. Kifaa cha marinda (mguu wa cherehani unaokunja kitambaa wenyewe) nimekifunga kwenye cherehani ya kukanyaga. Kwenye namba 1 kinakusanya vizuri, lakini kwenye 6 baadhi ya marinda yanaruka, na sindano inavunjika. Pia, nikate kitambaa cha urefu gani?

FundiPoplini: Anza na sindano. Mkono wa kifaa wenye mdomo wa uma lazima uibane skrubu ya sindano juu na chini, maana ndiyo inayousukuma. Ukikaa pembeni, kifaa hakifanyi kazi sawasawa. Fungua mguu wa kawaida, pandisha sindano hadi mwisho, funga kifaa kwa bisibisi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono taratibu mizunguko 12 kabla ya kukanyaga. Sindano ipite katikati ya tundu bila kugusa chuma. Ikigusa, skrubu imelegea au kifaa si cha cherehani hiyo. Mshono uwe ulionyooka tu. Zigizaga itavunja sindano papo hapo.

Bi_Uzi: Kuruka: angalia ulivyopitisha kitambaa. Kinachokunjwa kinapita KATI ya zile ndimi mbili (vibati vyembamba vya kifaa), wa juu wenye meno na wa chini laini. Gauni lenyewe linakaa chini ya ulimi laini, uso juu, na frili uso chini. Hapo unakunja na kuunganisha kwa mshono mmoja. Kingine ni maungio ya vipande. Mshono mnene meno hayausukumi, kwa hiyo fungua posho ya mshono (ukingo wa kitambaa uliobaki nje ya mshono) na uipige pasi kabla.

FundiPoplini: Namba 1 na 6 kwenye kifaa ni hesabu ya mishono, yaani hatua za sindano. 6 ni rinda moja kila mishono 6. Mshono wa mm 2.5 unaweka rinda kila mm 15. Kina cha rinda kinatoka kwenye skrubu ya pembeni: ukikaza kinaongezeka. Alama ya nyota haikunji kabisa.

Urefu usikisie. Kata kipande cha sm 50 cha kitenge hichohicho, kikiwa tabaka moja au mbili kama kitakavyokuwa kwenye gauni, ukipitishe. Kikitoka sm 25, uwiano ni 2, basi sm 240 zinataka sm 480. Ongeza sm 30 za akiba. Kwa kitenge cha upana wa sm 115 utahitaji kuunganisha vipande 5. Ukishapima usiguse tena skrubu wala urefu wa mshono, uwiano utabadilika.

Mshono_Tanga: Asante sana. Naweza kukitumia kwa sketi ya shule yenye marinda ya sm 2.5?

Bi_Uzi: Hapana. Kina chake hakifiki hata sm 1. Marinda mapana yapimwe kwa chaki: sm 2.5 zinazoonekana na sm 5 zinazojificha, yaani kitambaa mara tatu ya kiuno. Yashike kwa pini, piga pasi ukiweka kitambaa chenye unyevu juu yake, ndipo ushone.

Kitambaa_Chepesi: Na shifoni? Meno yanaichana.

Bi_Uzi: Punguza kina, sindano namba 70 au 75, kanyaga polepole, na uweke karatasi nyembamba juu ya shifoni, vyote vipite kati ya ndimi. Karatasi unaichana ukimaliza. Ikiendelea kuchanika, ulimi wenye meno una ncha zilizopinda, badilisha ulimi.