Faiba ikikatika, ruta ya WAN mbili haihamii 4G

Wakuu, duka la stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, lina faiba ya Mbps 20 na modemu ya 4G ya Mbps 10. Zote zimeunganishwa kwenye ruta ya WAN mbili, yaani yenye milango miwili ya kuingizia intaneti. Faiba ikikatika, ruta haihamii 4G. Tatizo nini?

— Mkuu, ruta inaangalia waya tu. Kebo ikiwa imechomekwa, taa inawaka, inadhani intaneti ipo. Washa ukaguzi wa ping (ruta inatuma ujumbe mdogo kuona kama unajibiwa) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, kila sekunde 5. Ikikosa mara 3, ihame.

— Modemu ya faiba na ya 4G zisiwe zote na anwani ya 192.168.1.1, zitagongana. Moja ipe 192.168.8.1. Ukitumia laini zote mbili kwa pamoja, mgawo wa faiba kwa 4G weka 2:1.

— Ila faili moja halitashuka kwa Mbps 30 za laini zote mbili. Kila muunganisho hupita laini moja. Tovuti za benki zipangie zipite faiba, maana anwani yako ya intaneti (IP) ikibadilika katikati zinakutoa.