Kamanda Evans wa USS Johnston alitegemea nini?

Wakuu habari zenu, nasoma habari za vita ya Samar kule Ufilipino, 25 Oktoba 1944. Ernest Evans, Mmarekani, ana manowari ndogo USS Johnston yenye mizinga ya inchi 5, mbele yake Wajapani wana manowari kubwa Yamato yenye mizinga ya sm 46, jamaa akageuza meli akawavaa kabla hata hajaamriwa. Alitegemea nini hasa?

JIBU: Mkuu, nyuma yake kulikuwa na meli ndogo za Wamarekani za kubeba ndege, hazina mbio, zikifikiwa zimekwisha. Akatandaza moshi kuzificha, akasogea akaachia torpido (mabomu yanayokwenda ndani ya maji) zote 10, manowari ya Wajapani Kumano ikakatika pua.

JIBU: Tena hapo ameshajeruhiwa, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekatika, na usukani wa juu umekufa, akahamia nyuma ya meli akawa anapaza sauti kwa vijana wa chini wanaozungusha usukani kwa mikono. Mimi hapo machozi hunilengalenga kila nikisoma.

JIBU: Kati ya watu 327 walikufa 186, yeye mwenyewe hakuonekana tena. Medal of Honor, nishani ya juu ya ushujaa ya Marekani, alipewa akiwa ameshakufa.

MUULIZAJI: Asanteni sana wakuu, kumbe alikuwa anawanunulia wenzake muda.