Naomba ushauri: vipuri vya Myford ML8 ya kukereza mbao

Assalaam aleikum wajuzi. Nina Myford ML8, mashine ya Kiingereza aliyoniachia marehemu ami yangu, na miguu mingi ya samadari imepita hapo. Sasa ekseli inacheza, mbao inatoka na mawimbi.

Mkanda na beringi havinitishi. Namba ya beringi ikisomeka, wauza vipuri vya magari watanitafutia. Kinachonisumbua ni ile sahani ya chuma ya kushikilia mbao, imepasuka. Ekseli inakofungwa sahani hiyo ni ya inchi 1, hesi yake (mikato ya kufungia kama ya skrubu) meno 12 kwa inchi. Sahani zinazouzwa siku hizi nyingi ni za meno 8, au milimita 33, haziingii. Jirani ananiambia nilazimishe tu. Hesi ya ekseli ikilika, si nitabaki na chuma chakavu?

Je, kuna fundi wa kukereza chuma, Shimanzi au Changamwe hapa Mombasa, mnayemwamini kwa kazi ya vipimo vya inchi? Au niagize kuukuu kutoka Uingereza? Mliowahi kuagiza, ushuru uliwafikia ngapi? Bandari tunaiona kila siku, lakini mzigo kuutoa ni habari nyingine.

Mwenye ncha ya nyuma, ile inayoegemeza mbao, kipimo chake Morse namba 1, pia anitajie bei.